Hukumu Bila Haki: Kesi ya Karama katika Kusadikika ya Shaaban Robert

Ikisiri

Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imezoeleka kusomwa kama istiara ya utawala wa kikoloni na kama wito wa mageuzi. Makala hii inaisoma kama masimulizi ya kesi. Inachunguza mambo manne: uhusiano wa maneno haki, hukumu na mahakama katika Kiswahili; kosa analoshtakiwa Karama; majina ya wajumbe waliofungwa; na namna kesi inavyomalizika. Hoja kuu ni kwamba riwaya inampa mshtakiwa nafasi ya kusikilizwa lakini haimpi mahakama iliyo huru, na kwamba kufunguliwa kwake kunatokana zaidi na fadhili za mtawala kuliko na haki yake mwenyewe. Makala inahitimisha kwamba jawabu la upungufu huo limo ndani ya riwaya yenyewe, katika kile kile ambacho Karama anashtakiwa kukifundisha.

1. Utangulizi

Kazi chache za fasihi ya Kiswahili zimejengwa juu ya kesi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kusadikika ni mojawapo. Waziri Majivuno anamshtaki Karama mbele ya Mfalme na Baraza kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na utetezi wake unachukua siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi yake kwenda kutafuta mambo yenye manufaa, akarudi na maarifa, kisha akatiwa gerezani. Mwishoni Karama anaachiwa huru na wajumbe wote sita wanafunguliwa.

Muhtasari huo unafahamika kwa kila aliyepitia shule ya sekondari Afrika Mashariki. Mjadala wa kihakiki kuhusu riwaya hii umejikita zaidi katika maudhui ya masimulizi ya wajumbe: elimu, afya, uongozi bora, usawa wa watu. Chombo kinachobeba masimulizi hayo, yaani kesi, kimechukuliwa kama fremu tu ya kuyapangia. Mtazamo huo una athari yake. Msomaji anayeifanya kesi kuwa fremu hufika mwisho wa riwaya akifurahi kwamba mwema ameshinda, asiulize ameshindaje, mbele ya nani, na kwa sheria ipi. Maswali hayo ndiyo yanayoshughulikiwa hapa.

2. Haki, hukumu na mahakama: asili mbili katika sikio moja

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili wa leo, hakimu na haki huonekana kuwa ndugu. Neno la kwanza huhisiwa kuwa limezaliwa na la pili: hakimu ni mtu wa haki, na mahakama ni mahali pa haki. Kietimolojia, hisia hiyo si sahihi. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kuamua, kutawala na kuzuia. Haki inatokana na mzizi mwingine, ule uliotupa pia hakika na stahiki, unaohusu kile kilicho kweli na kilicho thabiti. Katika Kiarabu mizizi hiyo inatofautishwa na konsonanti: wa kwanza una kaf, wa pili una qaf. Maneno hayo yalipoingia katika Kiswahili, sauti hizo mbili zote zilitamkwa k, na tofauti ikatoweka katika matamshi ya kawaida.

Mzizi wa hukumu una jambo jingine la kuzingatiwa. Katika Kiarabu ndio unaozaa pia neno la serikali, na katika matumizi ya zamani ya Kiswahili neno hukumu lilibeba maana ya mamlaka pamoja na maana ya uamuzi wa shauri. Kuhukumu kulikuwa kuamua kesi na pia kutawala watu. Kwa hiyo, ndani ya neno lenyewe mwamuzi na mtawala hawajatenganishwa. Haki, kwa upande wake, haikuhitaji mtawala ili iwepo. Ni kile anachostahiki mtu hata kama hakuna aliyempa.

Etimolojia haiamui maana ya leo, wala makala hii haidai kwamba Shaaban Robert alikuwa akifikiria konsonanti za Kiarabu alipokuwa akiandika. Linalodaiwa ni kwamba Kiswahili kimeyaleta pamoja maneno mawili ambayo asili yao ni tofauti, na kwamba sikio la wazungumzaji limejenga juu ya ukaribu huo tarajio: anayehukumu sharti atende haki. Kusadikika inaonyesha nchi ambamo tarajio hilo halijatimizwa. Hukumu zipo tele. Wajumbe sita wamekwisha kuhukumiwa kabla ya riwaya kuanza. Kinachotafutwa kwa siku sita ni haki.

3. Kosa la uanasheria

Karama hashtakiwi kwa kuiba, kuua wala kuasi kwa silaha. Anashtakiwa kwa elimu. Neno analolitumia mwandishi kuitaja elimu hiyo, uanasheria, linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili kilikuwa tayari na neno wakili, lenye maana ya mtu anayesimama badala ya mwingine kwa idhini yake. Mwanasheria ni neno la namna nyingine. Limeundwa kwa mwana na sheria, kwa utaratibu ule ule uliotupa mwanachama na mwananchi, na utaratibu huo hueleza uhusiano wa mtu na jambo alilomo ndani yake. Wakili huwa na mteja; mwanasheria huwa na sheria. Aidha, kiambishi u- kinachojenga uanasheria huigeuza hali hiyo kuwa sifa inayoweza kufundishwa na kuenea. Tishio analoliona Majivuno si kwamba mtu mmoja atasimama kumtetea mwingine. Ni kwamba watu wengi watazijua sheria wanazohukumiwa nazo.

Ukubwa wa tishio hilo unaonekana vizuri zaidi riwaya inaporudishwa katika Tanganyika ya wakati wake. Chini ya mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja uliosimikwa na Gavana Donald Cameron kuanzia mwaka 1925, Waafrika wengi walipeleka mashauri yao katika mahakama za wenyeji. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufani ilipanda kutoka kwa mtawala wa kienyeji hadi kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa Gavana. Mtu huyo huyo aliyesimamia kodi, barabara na kazi za lazima ndiye aliyesikiliza malalamiko yaliyotokana na kodi, barabara na kazi za lazima. Si ajabu kwamba ofisa wa namna hiyo aliitwa na wenyeji Bwana Shauri: shauri ni jambo la utawala, na shauri ni kesi.

Mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Sababu iliyotolewa na watawala ni kwamba ufundi wa sheria ungevuruga taratibu za kienyeji zilizo sahili. Sheria ya Mahakama za Mitaa iliyotungwa mwaka 1951, mwaka ule ule ilipotoka Kusadikika, ilibadilisha ngazi za rufani lakini haikuwafungulia mawakili mlango. Baada ya uhuru mahakama hizo ziliunganishwa katika mfumo mmoja wa mahakama za nchi, lakini katazo la mawakili liliendelea katika Mahakama za Mwanzo kwa miongo mingi.

Shaaban Robert aliijua mashine hiyo kwa ndani. Alikuwa karani katika idara za serikali ya kikoloni, zikiwamo forodha na ofisi ya wilaya ya Tanga. Riwaya si hati ya kihistoria, na haifai kumlinganisha kila mhusika na ofisa fulani wa wakati huo. Hata hivyo, katika nchi ambamo mawakili walizuiwa kuingia katika mahakama zilizowahukumu wenyeji wengi, kisa cha mtu anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria hakiwezi kuwa istiara ya ukoloni kwa ujumla tu. Kinagusa mahali mahususi. Kwa msingi huo, usomaji unaoliona kosa la Karama kuwa kisingizio cha kuanzishia hadithi unalipunguza jambo zito kuliko yote katika riwaya.

4. Majina ya waliofungwa

Majina ya wahusika katika riwaya za Shaaban Robert ni majina-sifa, na wahakiki wamekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi. Kinachobaki kuonyeshwa ni namna majina ya wajumbe wa Kusadikika yanavyohusiana na kesi. Wajumbe hao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini.

Buruhani maana yake ni ushahidi au dalili iliyo wazi. Kabuli na Ridhaa ni majina ya kukubali: la kwanza ni kulipokea jambo, la pili ni kulipokea kwa moyo. Amini ni uaminifu. Auni ni msaada. Fadhili ni hisani. Majina hayo yakikusanywa, yanakaribia kuwa orodha ya vitu vinavyohitajika ili shauri liamuliwe kwa haki: ushahidi wa kutegemewa, ridhaa ya wanaohukumiwa kwa sheria husika, uaminifu wa mwamuzi, msaada kwa mshtakiwa asiyejiweza. Vyote hivyo viko gerezani. Baraza linapoketi kumsikiliza Karama, ushahidi umefungwa, ridhaa imefungwa, uaminifu umefungwa. Aliyebaki nje, na aliyeketi karibu na kiti cha enzi, ni Majivuno.

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unayabebesha majina mzigo mkubwa mno. Kwamba Ridhaa na Auni ni majina ya kawaida ya Waswahili, na mwandishi aliyateua kwa uzuri wake. Pingamizi hilo lina uzito kwa jina moja moja. Halina uzito kwa mkusanyiko. Mwandishi aliyempa mshtaki jina la Majivuno na mshtakiwa jina la Karama hakuokota majina ya wafungwa sita kwa bahati. Tena, utetezi wa Karama unafuata mpango unaoendana na majina hayo. Kwa kuwaleta wajumbe barazani mmoja baada ya mwingine kwa njia ya masimulizi, Karama anayarejesha mahakamani yale ambayo Baraza lenyewe liliyatia kifungoni. Mshtakiwa ndiye anayejenga mahakama ambayo ilipaswa kuwapo kabla hajaitwa.

5. Siku sita za kusikilizwa

Kinachompa Karama uwezo huo ni nafasi ya kusema. Miaka mitatu kabla ya Kusadikika kuchapishwa, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilikuwa limetaja, katika kifungu chake cha 10, haki ya kila mtu kusikilizwa kwa usawa na hadharani na mahakama iliyo huru na isiyopendelea. Kifungu hicho kina sehemu mbili ambazo hutajwa kwa pumzi moja na kwa hiyo husahaulika kuwa ni mbili: kusikilizwa, na uhuru wa anayesikiliza. Kusadikika inatimiza ya kwanza kwa ukarimu mkubwa na kuiacha ya pili bila kuigusa.

Upande wa kusikilizwa, riwaya haina mfano. Siku sita ni muda mrefu kwa utetezi wa mtu mmoja, na muda huo umeingia katika umbo lenyewe la riwaya: sura zinahesabika kwa wajumbe, na msomaji hulazimika kukaa kitako kama wajumbe wa Baraza wanavyokaa. Karama hakatizwi kwa nguvu. Maneno yake yanafika. Kwa msomaji wa mwaka 1951 aliyezoea mashauri yanayokatwa kabla jua halijachwea, taswira hiyo peke yake ilikuwa fundisho.

Upande wa anayesikiliza, hali ni nyingine. Mshtaki ni waziri, yaani sehemu ya utawala. Chombo kinachoamua ni Baraza lile lile ambalo mshtaki ni mmoja wa wakubwa wake. Mwenye neno la mwisho ni Mfalme, na Mfalme ndiye mkuu wa nchi inayodaiwa kukosewa. Hakuna ngazi ya rufani. Hakuna hata mmoja kati ya wanaoamua ambaye cheo chake hakitegemei radhi ya mwingine aliyemo humo humo ukumbini. Kesi nzima inaendeshwa ndani ya nyumba moja, na mshtakiwa ndiye mgeni pekee.

6. Mwisho wa kesi: haki au fadhili?

Kutokana na hali hiyo, mwisho wa riwaya unapaswa kusomwa upya. Karama anaachiwa huru. Wajumbe wanatolewa gerezani. Lakini amri inatoka kwa Mfalme, na inatoka kwa sababu moyo umeguswa na maneno. Kati ya majina sita ya wafungwa, lililoshinda ni Fadhili. Swali linalofuata ni jepesi na zito: ingekuwaje kama Karama asingekuwa msemaji hodari? Wajumbe sita hawakuwa waongo wala wajinga. Walikuwa na hoja zile zile anazozieleza Karama, na walifungwa. Tofauti kati yao na yeye ni ufasaha wake na siku aliyokutana na Mfalme aliye tayari kusikia. Mahakama inayomwachia fasaha na kumfunga asiye fasaha haijatenda haki hata siku inayotoa uamuzi ulio sahihi.

Miaka 25 baadaye, fasihi ya Afrika Mashariki ilitoa kesi nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hii. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu Dedan Kimathi ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1976 na baadaye ikapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kimathi wa historia alishtakiwa Nyeri mwezi Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu wa koloni, kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ndani ya tamthilia, jaji anaitwa Shaw Henderson, jina linalomkumbusha msomaji Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi. Jaji huyo huyo anamfuata mshtakiwa katika chumba cha gereza kumshawishi ajisalimishe na kuwasaliti wenzake. Waandishi wamewaunganisha msakaji, mshawishi na mwamuzi katika mwili mmoja ili mtazamaji asiwe na shaka kuhusu uhuru wa mahakama hiyo.

Kimathi wa jukwaani anajibu kwa kunyamaza mashtaka yanaposomwa, na anapofungua kinywa anaihoji mamlaka ya mahakama yenyewe kumhukumu. Karama haifanyi kazi hiyo. Anaukubali ukumbi, anawaheshimu walioketi, na anatafuta kuwashinda kwa hoja. Ni rahisi kusema kwamba mmoja ni mwanamapinduzi na mwingine ni mwanamageuzi, na mjadala ukaishia hapo. Lakini tofauti hiyo haipaswi kuficha wanachokubaliana. Tamthilia inaonyesha kwamba mahakama isiyo huru haiwezi kumtendea haki adui wake. Riwaya, bila kukusudia kulisema waziwazi, inaonyesha kwamba mahakama isiyo huru haiwezi kumtendea haki hata rafiki yake. Inaweza tu kumfadhili.

7. Fadhili katika zama za katiba

Tofauti ya haki na fadhili haijabaki vitabuni. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua katika ibara ya 13(6) haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani, na ibara ya 107B, iliyoongezwa kwa marekebisho ya mwaka 2000, inazitaka mahakama zote ziwe huru na zifuate Katiba na sheria za nchi pekee. Sehemu zile mbili za kifungu cha 10 zimeandikwa, kila moja mahali pake.

Hata hivyo, wanaoshughulika na Kiswahili wana sababu ya kukumbuka tukio la tarehe 1 Februari 2021, Dodoma, katika Siku ya Sheria. Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na papo hapo akatangaza kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa wapenzi wa lugha ulikuwa ushindi, na ni ushindi wa kweli: mshtakiwa asiyeielewa lugha ya hukumu yake amesikilizwa nusu. Uteuzi wa majaji wa Rufani ni mamlaka ya Rais kikatiba baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na hapa hakuna linalosemwa dhidi ya sifa za jaji mwenyewe.

Linalosemwa linahusu umbo la tukio. Mkuu wa dola alisimama jukwaani akamtunza jaji kwa sababu ya uamuzi alioutoa. Tunzo lilikuwa kwa jambo jema, kama kufunguliwa kwa Karama kulivyokuwa jambo jema. Lakini mkono unaoweza kutunza uamuzi mmoja mbele ya majaji wote unawafundisha wote kwamba maamuzi yao yanatazamwa na mkono huo. Kiswahili kilistahiki kuingia mahakamani kwa haki yake, kama lugha ya wanaohukumiwa. Kuingia kwake kwa fadhili, hata fadhili zilizopokewa kwa shangwe, kunaacha swali ambalo taaluma ya Kiswahili haipaswi kulikwepa kwa sababu tu jibu la siku ile lilikuwa la kupendeza.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Kusadikika inatenganisha mambo mawili ambayo sikio la Kiswahili limezoea kuyaunganisha. Hukumu ipo penye mamlaka. Haki haipatikani humo kwa sababu tu maneno hayo yanafanana. Riwaya inampa mshtakiwa wake siku sita, sauti na masikio, lakini inauacha uamuzi mikononi mwa yule yule anayetawala. Kwa kigezo hicho, mwisho wake ni wa furaha usio na dhamana.

Dhamana hiyo, lakini, haikusahauliwa na mwandishi. Imewekwa mwanzoni, mahali ambapo msomaji huipita haraka kwa sababu inaitwa kosa. Nchi ambayo watu wake wamefundishwa uanasheria haitahitaji Karama mwingine wa kusema siku sita, wala Mfalme wa kuguswa moyo. Mjumbe wa kawaida, asiye fasaha, ataweza kusimama na kudai kilicho chake mbele ya mwamuzi asiyemwogopa waziri. Ndiyo maana Majivuno alikuwa msomaji mwerevu kuliko wengi waliomfuata: alitambua kwamba kilicho hatari kwa Kusadikika ni somo, hata kabla ya mwalimu. Wahakiki wamesherehekea vya kutosha kufunguliwa kwa mwalimu. Imebaki kuuliza kama somo lenyewe lilipata kuanzishwa.